Sinia la Watu Wanne, Ngamiani: Samaki Nyota Nne, Huduma Nyota Mbili na Nusu

Nianze na bei, maana najua wengine mtasoma mistari mitatu mwende zenu. Sinia la watu wanne ni shilingi 48,000. Linakuja na wali wa nazi, changu wawili wakubwa wa kupaka, pweza, kachumbari, pilipili ya embe mbichi na bakuli la maharage ya nazi. Juisi ya ukwaju ni 1,500 kwa glasi, maji chupa kubwa 1,000. Nimekula pale mara tisa. Mara nane nilikuwa peke yangu au na mama watoto. Mara ya tisa nilikuwa na wageni kutoka Burundi, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Bango hakuna. Ukitoka soko la Mgandini, hapa Tanga mjini, ingia kwenye zile barabara zetu za namba, uliza kwa mama wa sinia. Hata bodaboda aliyeanza kazi juzi atakufikisha. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida, baraza mbele, ua nyuma. Uani kuna meza sita chini ya mwarobaini na mikeka miwili kwa wanaopenda kukaa chini. Mwenyewe ni mama wa Kidigo wa makamo, anapika kwa mkono wake, na akiwa jikoni hapokei simu hata apigiwe na nani. Hilo namsifu.

Kabla hamjaniuliza mimi ni nani hata nigawe nyota: nimepika jeshini miaka 26, nikastaafu na cheo cha sajinitaji. Nimepika hapa nyumbani, nimepika Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2013, nimepika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wali wa watu mia mbili ukikuungulia huwezi kusema "samahani mteja" yakaisha. Kesho asubuhi mnakutana kwenye paredi. Halafu mpishi wa jeshi ana tabia moja ambayo raia hana. Akishapakua haangalii sahani, anaangalia foleni. Nani kasimama nyuma ya nani, nani kachukua chakula chake akaenda kukaa wapi. Mambo ya kikosi utayajua bwaloni wiki mbili kabla kamanda hajaletewa taarifa.

Haya, chakula. Changu wa mama huyu anachomwa kwanza kwa moto wa makumbi, ndipo anapakwa tui zito lenye binzari, tangawizi, kitunguu thomu na ndimu, anarudishwa motoni mpaka tui limkamate. Wengi mjini hapa wanakaanga samaki halafu wanammwagia mchuzi juu, wanakuambia ni wa kupaka. Huyu ni wa kupaka kweli. Ukimgusa kwa kidole anaachia mfupa. Wali una nazi ya kutosha bila kukulaza usingizi, na ukiomba ukoko unapewa, ila uombe mapema kwa sababu kuna wazee wa barazani wanaufuata huo huo. Pweza ni bahati nasibu. Siku nyingine laini kama maini; siku moja nilitafuna kandambili. Nikamwambia mama, akaniambia waziwazi kwamba kijana hakumponda vizuri, akanipunguzia 3,000. Mtu akikosea akakubali, mimi namrudia.

Maharage nitayasema baadaye.

Huduma ndiyo imeshusha alama. Kuna kijana mmoja wa kuhudumia meza zote, mwenye jezi ya Coastal Union isiyofuliwa kila siku, mcheshi, ila kichwa hakikai. Ukiagiza ukwaju unaletewa embe. Siku ya wageni tulisubiri saa moja na dakika kumi, na nilikuwa nimepiga simu tangu asubuhi kuweka oda. (Kwa mtoto wake, siyo kwake, yeye, kama nilivyosema, hapokei.)

Wageni wenyewe sasa. Wawili ni wanajeshi wastaafu wa Burundi, wa tatu ni utingo wao. Majina yao nayaacha. Mmoja nitamwita Dereva, mwingine Fundi, kwa sababu ndizo kazi walizokuwa nazo jeshini: mmoja magari, mwingine redio za mawasiliano. Nilikutana nao Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kambi ya M'Poko pale uwanja wa ndege, kikosi chetu kikiwa njiani kuelekea Berberati. Walinikuta nahangaika na jiko la mafuta linalozimika. Fundi akalifungua kwa bisibisi ya redio, likawaka. Nikawaahidi: mkifika Tanga, mtakula samaki. Ahadi za misheni za kulinda amani huwa haziwi kitu. Hawa mwaka huu wakapiga simu, wamenunua lori kwa ubia, wamekuja kuulizia mzigo bandarini, na samaki yuko wapi?

Ndani ya bajaji ndipo nikajua ambalo Bangui sikulijua. Dereva alikuwa jeshi la zamani, lile lililokuwa la serikali wakati wa vita vyao. Fundi alitoka msituni, kwa waasi wa FDD. Alilitamka kama mtu anavyosema mimi ni wa Muheza, wewe wa Pangani.

Kwa wadogo zangu ambao hawakuwepo: vita vile vilianza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Vikaua watu kama laki tatu. Mwalimu Nyerere alisuluhisha mpaka kifo kikamkuta 1999, Mandela akapokea, mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. FDD hawakuwemo, wao walikuja kusaini baadaye, na makubaliano yao ya kusimamisha vita yalitiwa saini hapa kwetu Dar es Salaam, 16 Novemba 2003. Kutoka hapo likaundwa jeshi moja jipya, na katiba yao ya 2005 ikaandika kwamba Wahutu au Watutsi, hakuna kundi litakalozidi asilimia 50 ya jeshi. Kuandika ni rahisi. Mtu uliyekuwa unamvizia na bunduki, Jumatatu mko naye foleni moja ya uji.

Kwa hiyo kijana wa jezi alipokuja na swali lake la kila siku, "Niwapakulie sahani mbalimbali au sinia?", mimi nikasita. Sinia, kwa msiotoka pwani, ni mikono yote kwenye chombo kimoja. Na mimi kichwani nilikuwa na Goma.

Goma nilijifunza jeshi linaunganishwaje vibaya. Wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi wa Kivu kule mashariki, waliingizwa katika jeshi la Kongo kwa makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009. Wakaingia na makamanda wao wenyewe, wakakataa kupangwa mbali na Kivu. Sare mpya, amri ya zamani. Aprili 2012 wakaasi, wakajiita M23 kwa tarehe ile ile waliyosaini. Mpishi mmoja Mkongomani aliniambia kwamba kikosi alichokuwa nacho, wale jamaa hawakuwahi kula sufuria lake. Walikuwa na sufuria lao. Miaka mitatu. Nikamuuliza, ukatoa taarifa? Akacheka. Mpishi nani atamsikiliza.

Na katika brigedi yetu ya Umoja wa Mataifa kule Goma tulikuwa na Waafrika Kusini, ambao jeshi lao la 1994 lilikusanywa kutoka majeshi saba: la makaburu, ya wapigania uhuru wa ANC na wa PAC, na ya zile nchi nne za bandia walizoundiwa Weusi na makaburu. Msimamizi wa rasheni wao alikuwa kijana wa zamani wa ukimbizini Mazimbu, pale Morogoro. Alinisalimia "shikamoo" siku ya kwanza nikadhani nimesikia vibaya. Msaidizi wake wa bohari alikuwa mzungu aliyeanza kazi jeshi la makaburu. Walikuwa wanagombana kutwa nzima, wallahi, kutwa nzima, lakini juu ya makopo ya maharage na nani kapoteza funguo. Ugomvi wa kazini. Ukisikia ugomvi wa namna hiyo, lala usingizi.

Basi nimesita, Dereva akanijibia kwa Kiswahili chake cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura: "Lete sinia, kijana. Tulikula kwenye beseni kule Mogadishu, sembuse sinia."

Sinia likaagizwa, halikuja. Saa moja na dakika kumi mtu anaongea nini? Nikawapa hadithi ya nyuki. Kila mgeni wa Tanga lazima apewe: Novemba 1914, Waingereza wameleta meli na askari kutoka India, wengi mara kadhaa kuliko Wajerumani na askari wao weusi, wakatandikwa hapa hapa mjini, na nyuki wa mizinga wakamalizia. Huwa naishia hapo watu wakicheka. Siku hiyo nikaendelea, kwa sababu ya waliokaa mbele yangu. Nikawaambia kwamba kuanzia 1917 askari wale wale wa Mjerumani, waliotekwa, Waingereza waliwachukua wakaunda nao kikosi cha sita cha KAR, jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki. Jana unampigia risasi bwana huyu, leo unampigia saluti. Na kikosi hicho cha sita ndicho kilichokuja kubadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles wakati wa Uhuru, likaja lile asi la Januari 1964, likavunjwa, ndipo Septemba mwaka huo ikazaliwa JWTZ.

Fundi akauliza swali ambalo hakuna mgeni amewahi kuniuliza. "Vyeo vyao walibaki navyo?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lilifungua bomba. Msituni Fundi alikuwa anaitwa kapteni. Alikuwa na watu, ramani na redio mbili. Ilipokuja tume ya kuoanisha vyeo, akatoka na usajenti. Anasema alikaa na karatasi ile mkononi nusu saa, anaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine. Dereva naye akaingilia: wewe unalia na usajenti, mimi nilikuwa na miaka kumi jeshini, koplo, halafu akaletwa mtu wa juzi kutoka msituni kuwa luteni wangu, hajui kujaza fomu ya mafuta, namjazia mimi, anasaini yeye! Wakaanza kubishana hapo hapo, nani alidhulumiwa zaidi na tume. Mimi nikaangalia mezani nikasema moyoni, hawa wamepona. Kila mmoja analalamikia ofisi, si mwenzake.

Fundi alisema kuna askari wa Msumbiji aliyemsaidia. Umoja wa Afrika ulipopeleka walinzi wa amani Burundi mwaka 2003, walitoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Hebu fikiri: mbili kati ya nchi hizo tatu zilipeleka majeshi ambayo yenyewe yalikuwa ya maadui wa jana. Msumbiji waliunganisha jeshi la serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo baada ya mkataba wa Roma wa Oktoba 1992. Huyo Mmsumbiji, mtu wa Cabo Delgado anayejua Kiswahili, alimkuta Fundi kwenye kambi ya kukusanyia wapiganaji amenuna, akamwambia: huko unakoenda usimuulize mtu alikuwa wapi mwaka fulani, muulize analala kitanda gani. Ushauri mzuri. Fundi anasema aliufuata miaka mitano.

Hapo sinia likaja, na kwa dakika kumi hakuna aliyesema neno. Utingo, kijana aliyezaliwa mwaka 2003, alikuwa ameshavua saa yake na kukunja mikono kama anaingia kazini. Baadaye wakubwa wakaanza kumlinganisha changu na samaki wa ziwani. Kwao mfalme ni mukeke. Fundi, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Mtabila kule Kasulu, akatueleza kwamba ndiye huyo huyo watu wa Kigoma wanamwita mgebuka. Dereva akasema samaki wa bahari ni mvivu, amezaliwa na chumvi yake, mpishi hana kazi. Nikamwambia aende jikoni akamwambie mama hivyo. Hakwenda.

Sasa maharage. Mama anatumia ya Lushoto, anayalaza usiku kucha, na bakuli lenyewe ni dogo, mtu anaweza kulisahau ubavuni mwa samaki. Dereva hakulisahau. Alilivuta karibu, akalitazama, akamwambia Fundi, "Ndiyo haya."

Wakacheka wote wawili, ile ya watu wanaojua kinachofuata. Nikauliza. Wakaangaliana nani aanze.

Mwaka 2002 Dereva alikuwa anaendesha lori la rasheni kutoka Bujumbura kwenda Kayanza. Barabara ile inapanda mlima mpaka Bugarama, na mbele yake msitu wa Kibira uko jirani. Alikuwa na magunia ya maharage, mafuta na chumvi. Kwenye kona moja wakapigwa. Yeye aliruka, akabingirika bondeni, akatembea usiku kucha. Mlinzi wake na kijana wa kupakua hawakurudi.

Mwaka 2009 yuko Mogadishu, na kikosi cha Burundi katika majeshi ya Umoja wa Afrika. Burundi walianza kupeleka watu kule Desemba 2007. Kambi yao ilikuwa chuo kikuu cha zamani. Kombania imechanganywa, wa jeshi la zamani na wa msituni, chumba kimoja, zamu moja, malipo sawa kwa cheo. Chakula kinaletwa na beseni, watu sita sita. Usiku mmoja ni maharage. Fundi, bila kuulizwa, akaanza kusifia maharage aliyowahi kula zamani, ya bure, yaliyotoka kwenye lori moja chini ya Bugarama. Walikula wiki nzima, na magunia yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya nailoni ya buluu.

Dereva akaacha kutafuna. Magunia yake alikuwa anayafunga mwenyewe. Kwa kamba ya buluu.

Hapa uani pakawa kimya. Sijui kama ndilo lori lile. Wao pia hawajui. Fundi hakumbuki mwezi, malori yalipigwa mengi, na kamba ya buluu inauzwa kila soko. Fundi akaongeza, taratibu, akiwa anamchambua samaki mfupa kwa ajili ya utingo, kwamba wiki ile baada ya maharage na wao walizika watatu.

Nikamuuliza Dereva, ulifanyaje?

"Nikanyamaza siku ine. Tuko zamu moja, niko naye kwenye mifuko ya mchanga usiku, simsemeshi. Beseni likija, nageuka. Nakula biskuti."

"Halafu?"

"Siku ya tano njaa ikanishinda."

Basi. Nilingoja aongeze kitu, hakuongeza. Nimekaa na vyombo vya chakula maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akieleza jambo hili kwa ufupi hivyo. Fundi ndiye aliyetoa ripoti ndogo: siku hiyo ya tano alisogea akampisha nafasi kwenye beseni, na hakusema kitu, kwa sababu angesema nini.

Kule Somalia walizika wengi pamoja. Septemba 2009 makao makuu ya jeshi la Umoja wa Afrika yalilipuliwa, akafa hata naibu kamanda, jenerali wa Burundi. Dereva na Fundi wanaihesabu miaka yao kwa misiba ile, hiki kabla, hiki baada.

Nikafanya kosa la kuuliza kuhusu 2015. Nilidhani tumeshazoeana. Mei 13 mwaka ule, rais wao akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano, jenerali mmoja alitangaza kumpindua; siku mbili yakaisha. Na jenerali mwenyewe alikuwa mtu wa msituni, na waliomzima waliongozwa na mtu wa msituni, na kwenye kila upande kulikuwa na wa zamani pia. Jeshi lilichanika, ila halikuchanika kwenye mshono ule wa kwanza. Baada ya hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi; maofisa wengi wa jeshi la zamani walikimbia nchi, wengine waliuawa. Niliuliza tu, nyie mlikuwa wapi? Fundi akaangalia mwarobaini. Dereva akasema, "Afande, tule kwanza." Samaki alikuwa amebaki mifupa. Tukala mifupa.

Utingo wakati wote huu alikuwa amemaliza pweza peke yake. Namwelewa. Na mimi baba yangu alipokuwa anasimulia Vita vya Kagera nilikuwa natazama sufuria.

Ikaja hesabu. Kijana wa jezi akaandika 62,000. Sinia 48,000, ukwaju nne 6,000, maji mawili 2,000, hiyo ni 56,000. Soda nne alizoongeza hazikuwa zetu, za meza ya jirani. Nimeshuhudia kosa hili mara mbili, kwa hiyo ukienda kagua karatasi yako. Akasahihisha bila ubishi, tena akicheka, lakini mama ajue.

Mimi ndiye mwenyeji, natoa pochi, Fundi akanishika mkono. "Afande, niache. Mimi nina deni la maharage."

Dereva hakumwangalia. Akasema, "Deni hilo halilipwi na samaki wa Tanga."

Sikujua anatania au hatanii. Nadhani hata Fundi hakujua. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye mkono wangu, na pesa iko nje. Fundi akasema polepole, "Basi nilipe ya maharage tu. Kijana, maharage ni bei gani?"

Kijana akaangalia karatasi yake, mbele na nyuma. "Maharage ni ya bure, baba. Yanakuja na sinia."

Dereva alicheka mpaka akakohoa, akaombewa maji, mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Alikuwa hajawahi kutoka. Fundi alicheka pia, lakini akainama, na nikaona amejifuta uso kwa kitambaa cha kunawia. Nikalipa mimi.

Mengine ya kujua. Ijumaa wanafungua baada ya swala. Choo ni kisafi lakini taa yake haiwaki, nenda na simu. Ukitaka meza ya chini ya mti fika kabla ya saa saba. Kulipa kwa simu kunakubalika, ila mtandao ukisumbua hana chenji, kwa hiyo beba pesa ndogo. Na ukipeleka wageni, agiza jana yake.

Wiki mbili baadaye Dereva alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Bujumbura: muulize yule mama anapikaje maharage. Nikaenda, nikamkuta anakuna nazi, akanijibu bila kuinua kichwa. Yalale usiku kucha, maji ya kulazia yamwagwe, chumvi isitiwe mpaka yawe laini, tui la pili litangulie na kitunguu na nyanya, tui la kwanza litiwe mwisho, likishachemka mara moja epua. Nikamwandikia Dereva yote hayo. Aliyejibu ni Fundi, kwa simu ya Dereva. Anasema nazi kule ni za kutafuta, kwa hiyo watatia mawese.